Gesti ya vyumba 14 Kigamboni: kwenye chujio la maji taka niweke kokoto, mawe mepesi, plastiki au makumbi ya nazi?

Mwenye_Gesti
Habari za jioni wakuu. Nina kagesti kadogo huku Kigamboni, vyumba 14, mbele kuna mgahawa wa chipsi, samaki na ugali wa mchana. Kinachoninyima usingizi ni maji taka. Huku ni mchanga mtupu na maji ya chini yapo juu sana, ukichimba mita mbili hujamaliza maji yameshaanza kuchungulia, na masika ndio usiseme, shimo linajaa hata wiki ambayo sina mgeni hata mmoja. Zamani nilikuwa naita gari la kunyonya mara moja kwa miezi miwili, siku hizi ni kila baada ya wiki mbili na bado kuna siku chemba inatapika uani wageni wakiwa wanakunywa chai.

Mwaka jana jamaa mmoja akaniuzia unga wa bakteria, kopo moja kila mwezi, akaniapia kwamba shimo halitajaa tena. Nimemwaga makopo sita. Shimo halijui hata kama nimemwaga kitu.

Sasa fundi wangu anasema tujenge tenki la pili baada ya septiki, lijazwe kitu cha bakteria kushika na kukaa, maji yapite humo yasafishwe. Nimeielewa kidogo ila kwenye hicho "kitu" ndio kila mtu ana lake, huyu kokoto, huyu yale mawe mepesi ya kusugulia visigino, mwingine anasema mkaa, mwingine vipande vya chupa za maji, shemeji yangu wa Tanga yeye kashupalia makumbi ya nazi kwa sababu yapo bure. Naomba mnisaidie kipi ni bora kwa hali yangu, na je maji yakitoka hapo naweza kumwagilia bustani, maana mama watoto ana tuta zake za mchicha nyuma. Umeme huku unakatika kwahiyo kitu cha kutegemea umeme masaa 24 sitaki. Nawasilisha.

Kobe_Mzee
Uza gesti nunua bodaboda 10 mkuu, hazina choo.

mama_maabara
Kobe acha utani mwenzio ana shida.

Mwenye_Gesti, nimefanya kazi kwenye maji taka miaka mingi, nitaandika kirefu kidogo vumilia. Kabla ya hicho "kitu" kuna sentensi umeiandika ukaipita kama haina maana na mimi ndio nimeishika hiyo: shimo linajaa hata wiki isiyo na mgeni. Hayo maji yametoka wapi? Hayajatoka chooni. Shimo lako limejengwa kwa tofali zilizoachwa matundu ili maji yanywee ardhini, sasa ardhi yenyewe imeshiba, kwahiyo badala ya shimo kutoa maji linaingiza. Yaani unaita gari, unalipa, dereva ananyonya maji ya chini ya Kigamboni anaondoka nayo, usiku yanarudi. Unalipia kukausha kisima.

Na hapo ndipo chujio lolote litakapokudanganya kama halikuelezwa vizuri. Chujio halipunguzi maji hata lita moja. Zikiingia lita 5000 zitatoka lita 5000, kilichobadilika ni uchafu uliokuwemo. Kwahiyo una kazi mbili na watu wanakuuzia kama ni moja, ya kwanza ni kuziba matenki yako yasivuje ndani wala nje, ya pili ni kusafisha ili hayo maji yawe na mahali pa kwenda.

Haya tuje kwenye bakteria. Yule jamaa wa kopo hakukudanganya kuhusu bakteria, kakudanganya kuhusu uhaba. Kinyesi chenyewe kimejaa bakteria, choo cha gesti hakijawahi kukosa. Wanachokosa ni makazi. Kwenye septiki wanaelea, maji yakisukumwa na maji mapya nao wanasombwa wanatoka. Ukiwawekea kitu kigumu wanajishika hapo, wanajitengenezea ute, ule utelezi unaouona kwenye mawe ya mtoni au ndani ya bomba la sinki la jikoni. Maji yanapita, ute umebaki pale pale unakula. Kinachosafisha ni ule utelezi, jiwe ni kitanda tu. Ndio maana hata ukiagiza mawe ya dhahabu halafu utelezi ukafa, una tenki la mawe yanayonuka.

Sifa za kitanda kizuri ni mbili na zinagombana. Unataka uso mwingi wa kujishika, na unataka nafasi kubwa ya maji kupita. Kokoto za milimita 30 hivi, mita moja ya ujazo ina uso wa kama mita za mraba 120, ila asilimia 60 ya tenki ni jiwe tupu, maji yanapata asilimia 40 tu. Kama kwa siku unatoa lita 6000 na unataka maji yakae humo siku nzima, unahitaji mita za ujazo 15 za kokoto. Ukiweka vipande vya plastiki ambavyo karibu asilimia 90 ni uwazi, inatosha mita 7 hivi. Wewe uliye na maji mita mbili chini, kila mita unayopunguza kwenye kuchimba ni pesa.

Mawe mepesi (yale ya Rungwe na kule upande wa Meru) ni mazuri, yana vitundu, mepesi kubeba, lakini usiamini hesabu ya vile vitundu vya ndani, baada ya miezi michache vinaziba na unabaki na uso wa nje tu. Mkaa mwanzoni unafanya maajabu, unanyonya rangi na harufu mpaka unasema nimepata, kisha unajaa na kuanzia hapo ni jiwe jeusi kama mawe mengine, tena linalomomonyoka. Kwa bei ya gunia la mkaa ilivyo sasa hivi mimi nisingeufukia tenkini.

Nitajie kwa siku unatumia maji kiasi gani na septiki ina ukubwa gani, tuendelee.

Fundi_Chemba
Mama Maabara kaongea lakini wasomi mnapenda kuzungusha. Mimi nimejenga hizo tenki zaidi ya ishirini, Mbagala, Bunju, Kibada, naongea kilichopo site. Kokoto kubwa ngumi chini, ndogo juu, maji yaingie chini yapande juu, basi. Mawe mepesi yanaelea mkuu! Ulishaona? Umejenga, umejaza, umefunga mfuniko, maji yakiingia mawe yote yamepanda juu yamesongamana kwenye bomba la kutokea. Yanakaa wiki kadhaa mpaka yalowe ndio yazame na mengine hayazami kabisa. Niliwahi kubomoa mfuniko wa mtu kwa ajili hiyo.

Vipande vya chupa vinafaa. Chupa zenyewe za maji zinazama, ila vizibo vyake vinaelea, kwahiyo ukiokota okota ujue unachookota. Kata chupa vipande kama bangili upana wa vidole viwili, osha, jaza, juu weka wavu mgumu na nondo. Vijana wa mtaani watakuletea viroba kwa hela ya soda.

Lingine na hili usikilize vizuri sana. Huko kwenu ukiziba tenki likawa halivuji, halafu masika ukaita gari likanyonya mpaka chini, tenki linaibuka. Sitanii. Nimeona simtenki la lita 5000 lililozikwa limechomoza uani kama mgongo wa kiboko, mabomba yote yamekatika. Maji ya chini yanalisukuma. Lazima sakafu ya zege iwe pana kuliko tenki, lifungwe, na ukinyonya usimalize, acha hata nusu.

Mwenye_Gesti
Asanteni sana wakuu, aisee hilo la kulipia maji ya chini limeniuma kuliko makopo. Nimeangalia mita, gesti ikijaa ni lita 5500 mpaka 6000 kwa siku pamoja na mgahawa, siku za kawaida lita 3500 hivi. Septiki ni vyumba viwili, ukijumlisha ni mita za ujazo 9, ilijengwa na aliyekuwa na kiwanja kabla yangu, ukuta wa kati una ufa. Shimo la kunyonyea ni lile la tofali za matundu. Maji ya kufulia na ya jikoni yote yanaingia humo humo.

Fundi hilo la kiboko limenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Na makumbi je, hakuna aliyegusa, shemeji ananipigia simu kila siku, kashakusanya.

BintiPajeU
Assalaam alaykum. Mie sio mtu wa vyoo lakini makumbi nimekulia juu yake, nyumba yetu ilijengwa kwa pesa za kamba. Bibi yangu alikuwa akiyazika makumbi pwani, kwenye mchanga ule unaofunikwa na maji ya bahari, anayafukia anayawekea mawe juu, miezi mitano sita, kisha anayafukua wanayapiga kwa mti mpaka unatoka usumba, ndio unasokotwa kamba. Sasa mkitaka kujua nini kinaoza na nini hakiozi kwenye makumbi muulizeni mwanamke yeyote wa huku kwetu. Ile nyama laini inaoza yote na harufu yake wallahi hukai nayo chumba kimoja, usumba unabaki mzima. Miezi sita chini ya maji na bado unafungia ngalawa.

Kwahivyo kaka yangu ukiyatia makumbi mabichi kwenye tenki utapata maji ya rangi ya chai ya rangi kwa muda mrefu, na hiyo nyama itakuozea humo humo ikuongezee uchafu uliokuwa unaukimbia. Yaloweke kwanza nje, maji yabadilishwe, au chukua usumba uliokwisha pigwa. Usumba mwepesi, una nywele nywele nyingi, kama mnavyosema wadudu wanataka pa kushika basi hapo pamejaa.

mama_maabara
Binti Paje shukrani, hayo maelezo ya bibi ni bora kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Na mjue wenzetu Canada kule Québec kuna vichujio vya nyumbani vinauzwa kabisa ndani yake vikiwa vimejazwa vipande vya makumbi ya nazi, nchi isiyo na mnazi hata mmoja. Lakini zingatia namna wanavyoyatumia, hayazamishwi. Maji yaliyokwisha kupita septiki yanadondoshwa juu kidogo kidogo, yanachuruzika, hewa inapita katikati. Yakizama moja kwa moja bila hewa yanalainika na kushikamana. Na hata hivyo baada ya miaka kadhaa yanatolewa yanawekwa mapya. Kwahiyo Mwenye_Gesti makumbi ya shemeji usiyatupe, ila hayaendi kwenye tenki la Fundi, yanaenda kwenye hatua inayofuata, nitaeleza.

Kwa namba zako: septiki ya mita 9 kwa lita 6000 kwa siku ni siku moja na nusu ikiwa tupu, ukitoa tope lililolala chini na ukoko wa mafuta juu unabaki na pungufu ya siku moja. Ndogo ila sio ya kutupa. Ule ufa kwenye ukuta wa kati ndio mbaya, tope linapita shoti kati. Lizibwe hilo kwanza. Tenki la chujio likipokea tope halichukui mwaka linaziba, na kufungua tenki lililojaa kokoto zilizogandana na tope, muulize Fundi analipisha shilingi ngapi.

Fundi_Chemba
Mara mbili ya kujenga. Na maziwa juu.

Kamau_wa_Ruiru
Nimesoma hii thread yote nikajiona mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma. Niko Ruiru, nina hosteli ya wanafunzi, na huku ekzosta (hilo gari la kunyonya) si mchezo bei. Tulijenga septiki, kisha chemba ya kokoto kama hiyo ya fundi, kisha bwawa la matete. Ilifanya poa miezi nane, maji yanatoka clean unaweza ona vidole vya miguu. Halafu ghafla ikaanza kunuka mayai viza, maji meusi, tukadhani imeziba. Tukaita watu wakafungua, haijaziba hata kidogo. Kumbe ni msimamizi mpya, alikuwa msafi ajabu, kila asubuhi anamwaga Jik kwa kila choo, vyoo ishirini na mbili, na Jumamosi anaongeza ile dawa ya buluu. Tulikuwa tunawalea bakteria huku na kuwaua kule. Ikachukua karibu miezi miwili kurudi.

Kwahivyo kabla hujauliza ni mawe gani, nenda stoo ya wasafishaji uone nini iko hapo. Sisi sasa ni sabuni ya kawaida na brashi, Jik ni kwa sinki na kwa kiasi tu.

La pili ni mafuta. Wewe una chipsi na samaki. Mafuta ya kukaangia yakifika kwa chujio yanafunika ute kama mafuta juu ya uji, hewa na chakula havipiti. Weka mtego wa mafuta hapo jikoni kabla ya kitu chochote, na uweke mtu wa kuyatoa kila wiki, sababu mtego usiotolewa mafuta ni bomba tu lenye hatua nyingi. Kama unataka kuona matete yakifanya kazi ya mgahawa mkubwa, pale Carnivore Nairobi walijenga yao tangu 1994, ilikuwa inapokea maji ya mgahawa na ya mabwawa ya kuogelea, watu wanatembea kando wakidhani ni bustani ya ndege.

Trondheim_Mswahili
Salaam kutoka baridini. Kwa vile mjadala ni wa kitu cha bakteria kushika nimeona niongeze la huku, maana hapa Norway ndio vilipoanzia vile vigurudumu vya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi zinazozunguka Bahari ya Kaskazini zilikubaliana kupunguza naitrojeni inayomwagwa baharini, na huku mitambo mingi ilikuwa midogo, imefungiwa ndani ya majengo kwa ajili ya baridi, hakuna nafasi ya kupanua. Profesa Hallvard Ødegaard na wenzake wa chuo cha hapa Trondheim wakaja na kigurudumu kidogo cha plastiki, kipenyo cha milimita 9 hivi, ndani kina msalaba, nje kina mbavu. Uzito wake ni pungufu kidogo ya maji, kwahiyo hakizami, na ukipuliza hewa chini vyote vinazunguka kama maharage yanayochemka. Mita moja ya ujazo ina uso wa mita za mraba 500, linganisha na zile 120 za kokoto. Na kwa vile vinagongana gongana, ute wa nje unakwaruzwa, unaobaki ni ule wa ndani, mwembamba, hakuna kuziba. Mtambo wa maji taka wa mji wa Lillehammer uliwekewa vigurudumu hivyo kabla ya michezo ya Olimpiki ya 1994.

Lakini ndugu yangu usiagize! Naona tayari kuna watu mtandaoni wanawauzia watu wa nyumbani. Bila bloa ya kupuliza masaa 24 ile ni takataka ya plastiki inayoelea. Umesema umeme unakatika, basi habari imeishia hapo.

Kilichonifanya niandike ni kitu kingine. Watu wote mmeongelea uchafu wa kawaida, ule wa BOD (yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuula), ila mkojo una amonia na hiyo tenki la Fundi haligusi. Bakteria wasio na hewa hawaiwezi. Ili kuigeuza kuwa naitreti wanatakiwa bakteria wa aina nyingine, wavivu kukua, wanataka hewa sana, gramu moja ya naitrojeni ya amonia inakula gramu 4.57 za oksijeni. Huko kwenye mchanga, naitreti ikishatengenezwa inapita kwenye mchanga kama hakuna kitu, inaingia kisimani kwa jirani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita na wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Una majirani wenye visima?

Mwenye_Gesti
Mkuu wa Trondheim ninao wawili, mmoja anauza maji. Hapo sasa umeniongezea presha. Kwahiyo nikisafisha nusu ni mbaya kuliko nisiposafisha?

mama_maabara
Hapana usipaniki. Amonia ukiimwaga mbichi nayo ikikutana na hewa kwenye mchanga inageuka hiyo hiyo naitreti, kwahiyo leo hii unaichangia tayari kwa kila chemba inayotapika. Dawa ni kuifikisha mahali ambapo mimea inaitumia au bakteria wa kuirudisha hewani wanaipata.

Sasa nakupa picha yote. Jikoni mtego wa mafuta. Septiki uzibe ufa na uvujaji. Halafu tenki la Fundi, vipande vya chupa au kokoto, maji yapande kutoka chini, hili halitaki umeme wala hewa, likishakomaa linapunguza nusu mpaka robo tatu hivi ya uchafu uliobaki. Lakini maji yake yatatoka na harufu na hayana oksijeni, usishangae ukasema limefeli. Baada yake jenga kitanda juu ya ardhi, ndio uzuri wake kwako, huchimbi. Kuta za tofali mita moja na nusu hivi kwenda juu, chini matundu ya hewa pande zote, ndani mawe mepesi, kokoto kubwa au hayo makumbi yaliyolowekwa. Hapa mawe mepesi hayaelei kwa sababu hayazamishwi, Fundi usinirukie. Pampu ndogo yenye boya inarusha maji juu kwa dakika chache, inanyamaza, maji yanachuruzika, hewa inaingia nyuma yake, wale wavivu wa amonia wanapata chakula na pumzi. Umeme ukikatika masaa manne kitanda hakifi, kipo hewani, kinachojaa ni tenki tu. Wiki nzima bila umeme hiyo ni habari nyingine.

Sehemu ya maji yaliyotoka hapo yarudishe mwanzo kwenye septiki. Huko hakuna hewa na kuna uchafu mwingi wa kula, bakteria wakikosa oksijeni ya kawaida wanaichukua ile iliyo kwenye naitreti na naitrojeni inapaa hewani. Sio yote ila ni kupunguza kwa bei ya bomba.

Mwisho matete au migomba. Na hapa nikukate kiu mapema, usidhani mimea itakunywa lita 6000. Kwenye jua la Dar kitanda cha mimea kinarusha angani kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Ili imalize yote unahitaji mita za mraba 1200, hiyo ni kiwanja kizima. Kwahiyo mengine ya kuflashi vyoo, mengine ya kumwagilia, na yatakayobaki yanywee kwenye tuta la mchanga ulioinuliwa, mbali na visima, sio kwenye shimo.

Ukimaliza peleka sampuli maabara. Viwango vyetu vya kumwaga ni BOD miligramu 30 kwa lita, na COD (kipimo kama hicho ila kwa kemikali badala ya bakteria) 60.

Mchicha HAPANA. Ute unakula uchafu, hauui vijidudu vyote vya tumbo, wala mayai ya minyoo usiyategemee. Migomba sawa, minazi sawa, ukoka sawa. Mchicha wa mama watoto uendelee na maji ya bomba.

Fundi_Chemba
Sijaruka. Kitanda cha juu nakubali, ila weka wavu wa mbu pande zote, vile vinzi vidogo vyenye mabawa ya manyoya vinavyokaa ukutani bafuni vitazaliana humo mpaka mgeni wa chumba namba 3 ahame.

Mwenye_Gesti
Wakuu narudi, imepita kama miezi mitano, naona uzi umezama nauinua. Pesa ya vyote kwa mara moja sikuwa nayo. Nilichofanya: mtego wa mafuta, kuziba septiki na ufa, na tenki la vipande vya chupa, sakafu pana kama Fundi alivyosema. Tulichukua ndoo nne za tope kutoka septiki ya kanisa jirani inayofanya kazi vizuri tukamwaga humo kuanzishia, bure, nikakumbuka makopo sita nikacheka peke yangu. Mwezi wa kwanza na wa pili maji yalitoka vilevile, nikaanza kumchukia kila mtu humu. Wa tatu yakaanza kuwa mepesi, ya kijivu, sasa hivi ukiyaweka kwenye glasi unaona upande wa pili, harufu ya mayai bado ipo. Kitanda cha juu nimeanza tofali, mawe mepesi yapo njiani na lori la viazi kutoka Tukuyu. Makumbi shemeji kayaloweka, mtaa mzima unajua.

Gari la kunyonya nimeita mara moja tu tangu nizibe, na hiyo ni masika yote.

Kinachonishinda ni Jik. Dada wa usafi nimemueleza, kaitikia, kesho yake nasikia harufu chumba namba 7. Nimeficha galoni, kanunua kwa hela yake. Anasema mgeni akisikia harufu ya Jik ndio anajua choo ni kisafi. Kamau wewe ulimfanyaje yule wa kwako?

Kamau_wa_Ruiru
Nilimpeleka nikamfungulia mfuniko akaangalia ndani, nikamwambia hawa bakteria ndio wanakufanyia kazi. Hakuamini. Mwishowe nilimnunulia sabuni ya maji ya limau yenye harufu kali kushinda Jik.

Mwenye_Gesti
Hiyo ya limau ni ya galoni au chupa?